Amitriptilini ya kupaka: dawa ya sonona inapopimwa kama ganzi ya ngozi

Amitriptilini ni dawa ya zamani. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1961 kutibu sonona, na mpaka leo kidonge chake cha miligramu 25 hakikosekani kwenye hospitali nyingi, za Afrika Mashariki zikiwamo. Siku hizi wengi wanaoandikiwa hawana sonona kabisa. Wana maumivu ya neva yaliyoletwa na kisukari au mkanda wa jeshi, au kipandauso kinachorudi kila wiki, nao humeza miligramu 10 au 25 usiku. Inasaidia, lakini kwa gharama: mdomo mkavu, choo kigumu, usingizi mzito hadi asubuhi, na moyo kwenda mbio. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuipaka mahali panapouma badala ya kuizungusha mwili mzima. Likafuata wazo la pili, la kijasiri zaidi: kwa nini isiwe dawa ya ganzi kamili, ya kupakwa kabla ya sindano au kabla ya kukata kipande cha ngozi kwa uchunguzi?

Anayesoma kuhusu jambo hili huchanganyikiwa upesi, kwa sababu maswali matatu huulizwa kana kwamba ni moja. Je, molekuli hii huzima neva? Ikipakwa juu ya ngozi isiyo na jeraha, hufika kwenye neva kwa kiasi cha kutosha? Na je, hupunguza maumivu ya mtu ambaye neva zake tayari zimeharibika? La kwanza jibu lake ni ndiyo, bila kusita. La pili ni ndiyo yenye masharti mengi. La tatu, kwa majaribio makubwa yaliyofanyika, ni hapana kwa sehemu kubwa. Ukisoma jibu la swali moja ukadhani ni la jingine, utaona wataalamu wanapingana, kumbe kila mmoja anazungumzia lake.

Namna inavyozima neva

Neva hupeleka habari kwa umeme, na kila ishara huanza milango midogo kwenye utando wa neva inapofunguka na kuruhusu sodiamu iingie. Lignokaini, dawa ya ganzi ambayo wengine huiita lidokaini, huingia ndani ya milango hiyo na kuizuia isifanye kazi. Ishara hukatikia njiani na mtu hahisi mchomo. Amitriptilini hushika sehemu ileile ya mlango. Hata maumbo yao yanafanana kwa ramani: upande mmoja pete zinazopenda mafuta, upande wa pili kundi la amini linalopenda maji, katikati mnyororo. Lignokaini ina pete moja, amitriptilini ina tatu, na upande huo mpana wa mafuta ndio unaoifanya ing'ang'anie mlango kwa nguvu na kwa muda mrefu zaidi.

Madaktari wa dharura waliijua sifa hii kwa njia ya uchungu. Mtu aliyemeza amitriptilini kupita kiasi huletwa hospitali akiwa na moyo ambao milango yake ya sodiamu imezibwa. Kwenye kipimo cha umeme wa moyo, mawimbi yanayopaswa kuwa membamba yanapanuka, na tiba ya kwanza ni sodiamu baikaboneti kwenye mshipa. Kwa hiyo kinachotafutwa kwenye ngozi ndicho kinachoogopwa kwenye moyo, na jaribio lolote la dawa hii lazima lihesabu pande zote mbili.

Mwaka 2001, kundi la watafiti wa Boston wakiwamo Peter Gerner na Ging Kuo Wang lilichapisha kazi iliyolinganisha amitriptilini na bupivakaini, dawa ya ganzi inayodumu muda mrefu, kwa kuchomwa karibu na neva kubwa ya mguu wa panya. Amitriptilini ilizima neva kwa muda mrefu zaidi. Kufikia 2003 kundi hilo lilikuwa limepima dawa kadhaa za familia moja na amitriptilini, na pia lilikuwa limeipaka kwenye ngozi ya watu wenye afya waliojitolea. Ganzi ilionekana kwenye viwango vya juu. Wekundu wa ngozi nao ulionekana, na huo tutaurudia, kwa kuwa unavuruga hesabu kuliko unavyodhaniwa.

Ngozi haifunguki kirahisi

Tabaka la nje kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, zimepangana na kushikanishwa kwa mafuta. Mkononi unene wake ni sehemu 10 hadi 20 za elfu moja za milimita, lakini kazi yote ya kuzuia iko hapo. Kanuni ya mkato ya watengenezaji wa dawa za kupaka ni kwamba molekuli inayozidi daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) haipiti. Lignokaini ina 234, amitriptilini 277, kwa hiyo zote mbili hufaulu mtihani huo. Kinachozitenganisha ni chaji.

Dawa za aina hii zikiwa majini hujigawa: sehemu hubeba chaji, sehemu haina. Isiyo na chaji ndiyo inayopenya mafuta. Mgawanyo huo hutegemea pH ya mahali, yaani kiwango chake cha asidi, na alama ya dawa yenyewe iitwayo pKa, ambayo ni 7.9 kwa lignokaini na 9.4 kwa amitriptilini. Tofauti ya 1.5 inaonekana ndogo, ila kipimo hiki hupanda kwa mara kumi kumi. Kwenye pH ya damu, 7.4, karibu robo ya lignokaini haina chaji. Kwa amitriptilini ni molekuli moja katika mia. Kwenye uso wa ngozi, ambako pH ni karibu na 5, ni moja katika 25,000 hivi. Mtu anayeyeyusha amitriptilini hidrokloridi, ambayo ndiyo chumvi iliyomo kwenye vidonge, katika maji matupu na kuipaka, anapaka kitu kitakachobaki juu juu.

Si ingetosha kupandisha pH? Kwa lignokaini hilo lilifanyika, tena kwa ustadi. Krimu maarufu ya ganzi, EMLA, ina lignokaini asilimia 2.5 na prilokaini asilimia 2.5 katika pH ya karibu 9. Lignokaini peke yake huyeyuka kwenye nyuzi joto 68, prilokaini kwenye 38 hivi, lakini zikichanganywa sawa kwa sawa huwa mafuta ya majimaji hata kwenye joto la chumba. Dawa inakaa kwenye krimu ikiwa imekolea na haina chaji. Amitriptilini haijapata mwenzi wa namna hiyo. Ukiipandishia pH, dawa isiyo na chaji hujitenga na maji kama matone ya mafuta, krimu inakatika, na kila kijiko kinatoka na nguvu tofauti.

Njia iliyobaki ni alkoholi, au jeli yenye viungo vya kulegeza mafuta ya ngozi. Alkoholi huyeyusha dawa na kufungua njia kidogo. Ubaya wake ni kwamba huchoma, hufanya ngozi iwe nyekundu, na hupoa inapopuliziwa na hewa, na ubaridi peke yake hupunguza hisia. Ndiyo sababu krimu tupu ya kulinganishia, ile plasibo, lazima iwe na alkoholi ileile kwa kiasi kilekile. Kulinganisha amitriptilini iliyo kwenye alkoholi na mafuta ya kawaida ni kupima alkoholi.

Hata ikishapenya, haifiki mara moja. Inapenda mafuta kiasi kwamba sehemu yake hunasa kwenye tabaka la juu na kukaa humo kama akiba, ikishuka pole pole. Ganzi inachelewa kuanza, na inaweza kuendelea krimu ikiwa imeshafutwa. Mpimaji anayeacha kupima baada ya saa moja anaweza kuandika kwamba dawa haifanyi kazi, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Jaribio linavyopangwa

Jaribio zuri la hatua ya kwanza hufanyika kwenye mkono wa mbele, upande wa ndani, kwa mtu mwenye afya. Faida yake ni kwamba kila mtu hujilinganisha na nafsi yake: miraba mitano kwenye mikono miwili, mitatu ya amitriptilini kwa nguvu tofauti (tuseme asilimia 1, 2.5 na 5), mmoja wa plasibo, mmoja wa krimu ya lignokaini na prilokaini. Nafasi za miraba hupangwa kwa bahati nasibu kwa kila mtu, kwa sababu ngozi ya karibu na kiwiko haihisi sawa na ya karibu na kifundo.

Kiasi hupimwa kwa mizani. Makadirio ya kidole hayatoshi hapa. Krimu za ganzi hupakwa gramu 1 hadi 2 kwa kila sentimita 10 za mraba. Mraba wa sentimita 2 kwa 2 una eneo la 4, kwa hiyo gramu 0.6 zinatosha. Kabla ya kupaka chochote, piga hesabu ya hali mbaya kabisa: miraba mitatu itabeba miligramu 6, 15 na 30, jumla 51. Hata dawa yote ikiingia kwenye damu, jambo ambalo halitokei, mtu atakuwa amepata sawa na vidonge viwili vya 25. Mtafiti aliyechora miraba mikubwa ya sentimita 10 kwa 10 angekuwa anacheza na dozi nyingine kabisa, mara ishirini na tano ya hiyo.

Nywele zikatwe kwa mkasi au mashine, wembe usiguse. Wembe huacha mikwaruzo isiyoonekana, na dawa hupenya mikwaruzoni. Ganzi itakayopimwa itakuwa ya ngozi iliyokwaruzwa. Kwa sababu hiyohiyo ngozi isisuguliwe kwa spiriti kabla ya kupaka. Miraba iachane angalau sentimita 3. Juu yake hubandikwa plasta ya plastiki isiyopitisha hewa kwa dakika 60, maana ngozi iliyofunikwa hulowa, na ngozi iliyolowa hupitisha zaidi. Anayepaka avae glavu, la sivyo ganzi itaanzia kwenye vidole vyake.

Baada ya kufuta krimu huja upimaji, na hapa lazima zipimwe hisia zaidi ya moja, kwa kuwa nyuzi za neva si za aina moja. Mchomo hupimwa kwa sindano safi yenye uzito maalumu, mara 10 ndani ya kila mraba, na mtu hujibu kila mara: kali, butu, au hakuna. Mguso mwepesi hupimwa kwa nyuzi za von Frey, zilizobuniwa na mtafiti Maximilian von Frey mwishoni mwa karne ya 19. Kila uzi hupinda kwenye nguvu yake maalumu, hivyo mkono mzito wa mpimaji hauharibu kipimo. Joto hupimwa kwa kifaa kinachoanza nyuzi 32 na kupanda nyuzi moja kila sekunde hadi mtu aseme inauma, nacho hujizima chenyewe kwenye 50 ili ngozi isiungue. Vipimo hurudiwa krimu inapofutwa, kisha dakika ya 30, 60, 120, 240 na 480, na kesho yake. Ganzi iliyoisha baada ya saa nane ni matokeo ya kufurahia. Ganzi ambayo bado ipo kesho yake jioni ni kengele: neva inaweza kuwa imeumizwa.

Kuna watu wasiopaswa kuingia kwenye jaribio hili hata wakitaka: wenye matatizo ya mfumo wa umeme wa moyo au waliopata shambulio la moyo karibuni, wenye presha ya macho ya aina ya pembe iliyobana, wanaopata shida kukojoa kwa sababu ya tezi dume, wajawazito, na wanaotumia dawa nyingine za sonona. Wengine wote hupimwa umeme wa moyo kabla na baada, hutolewa damu kuangalia amitriptilini na zao lake nortriptilini, na hawaendeshi gari siku hiyo. Kwa Tanzania, jaribio la namna hii haliwezi kuanza bila kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Wekundu unaofichua siri

Jaribio linategemea mtu asijue mraba upi una nini. Amitriptilini huuvunja msingi huo kwa urahisi, kwani penye dawa nyingi ngozi huwa nyekundu. Krimu ya lignokaini na prilokaini nayo hujisaliti, ila kwa namna nyingine: kwanza ngozi hupauka, baadaye huwa nyekundu. Mshiriki akitazama mkono wake anajua mara moja wapi pamepakwa kitu. Akishajua, anategemea kutohisi, na ganzi ya kutegemea hutokea kweli kwenye majibu yake hata kama neva haijaguswa.

Kuna tiba tatu za tatizo hili, na zote zinafaa zitumike pamoja. Mtu afunikwe macho au aweke mkono nyuma ya pazia. Anayepaka na kufuta awe mmoja, anayepima awe mwingine, na miraba ifunikwe kwa karatasi yenye tundu dogo linaloonyesha mahali pa sindano tu. Mwisho kabisa kila mshiriki aulizwe akisie mraba upi ulikuwa na dawa. Wakipatia kupita bahati, ripoti iseme hivyo. Hili la tatu ndilo linalorukwa mara nyingi, ilhali ni la bure.

Kutoka ganzi kwenda maumivu

Majaribio ya wagonjwa yalijibu lile swali la tatu, na majibu yake hayakupendeza. Mwaka 2005 Mary Lynch na wenzake wa Kanada walichapisha jaribio la wagonjwa 92 wenye maumivu ya neva waliopaka amitriptilini asilimia 2, ketamini (dawa ya usingizi inayotuliza pia maumivu) asilimia 1, zote mbili pamoja, au plasibo, kwa wiki tatu. Maumivu yalipungua kidogo kwenye makundi yote, la plasibo likiwamo, wala hakuna krimu iliyoshinda. Mwaka 2008 jaribio jingine la watu 35 lilipandisha amitriptilini hadi asilimia 5 na kuiweka mbele ya lignokaini asilimia 5. Lignokaini ilisaidia kidogo; amitriptilini haikuonyesha faida. Kisha 2014 likaja kubwa zaidi, la watu 462 waliobaki na maumivu ya mikono na miguu baada ya dawa za saratani, kwa amitriptilini asilimia 4 na ketamini asilimia 2. Hakuna tofauti na plasibo. Mwaka 2019 watafiti wa Ufaransa waliripoti nafuu kwa krimu ya asilimia 10 kwa wagonjwa wa aina hiyohiyo, lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha, na katika maumivu haya tumeshaona plasibo inavyoweza kupunguza maumivu.

Inakuwaje dawa inayotia ganzi mkononi mwa mtu mwenye afya ishindwe miguuni mwa mgonjwa? Sehemu ya jibu ni nguvu ya krimu na jinsi ilivyotengenezwa. Sehemu nyingine ni mahali maumivu yanapotokea. Neva ikishaharibika, ishara zinaweza kuzaliwa mbali na ngozi, kwenye shina la neva au kwenye uti wa mgongo, na krimu ya unyayoni haifiki huko. Pia faida ya vidonge kwenye maumivu ya neva kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo, ambako amitriptilini huongeza serotonini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ishara kati ya neva. Ukiipaka ili isiingie kwenye damu, umeiacha kazi hiyo.

Inapoumiza neva

Mwaka 2004 Jean-Pierre Estebe na Robert Myers waliripoti kwamba amitriptilini iliharibu neva ya panya, na kadiri dozi ilivyopanda ndivyo uharibifu ulivyozidi. Ripoti hiyo hunukuliwa ovyo. Iliposema dawa ilipakwa, maana yake iliwekwa juu ya neva yenyewe iliyofunuliwa, wala si juu ya ngozi. Ni onyo zito kwa anayetaka kuichoma kama sindano ya ganzi, na matumaini ya kuigeuza mrithi wa bupivakaini yalififia baada ya hapo. Kwa krimu ni onyo la kuzingatia, ingawa kiasi kinachofika chini ni kidogo mno. Haki itendeke pia kwa upande wa pili: lignokaini ya asilimia 5 iliyochomwa kwenye maji ya uti wa mgongo iliwahi kuwaachia watu udhaifu wa kudumu, na ripoti za mwanzo wa miaka ya 1990 ndizo zilizobadilisha matumizi yake. Kila dawa ya ganzi, ikikolea kupita kiasi, ni sumu ya neva.

Kusaga vidonge kwenye mafuta

Kwa kuwa vidonge ni rahisi kupata, kuna anayefikiria kuvisaga na kuvichanganya na mafuta ya mgando. Hesabu yenyewe inatosha kumzuia. Krimu ya gramu 30 yenye nguvu ya asilimia 5 inahitaji gramu 1.5 za dawa, yaani vidonge 60. Ndani yake kuna wanga, vijazio na ganda la rangi, vitu vinavyobaki kama mchanga na kukwaruza ngozi. Chumvi ya hidrokloridi haiyeyuki kwenye mafuta ya mgando, hivyo chembe zake hubaki zimefungwa humo, huku zingine zikirundikana chini ya kopo.

Hatari kubwa zaidi ni kopo lenyewe kuachwa mezani. Gramu moja ya krimu hiyo ina miligramu 50. Mtoto wa kilo 10 anayelamba gramu moja amefikia miligramu 5 kwa kilo, kiwango kinachotosha kumpeleka hospitali hata kama anacheza vizuri, maana dalili za moyo na degedege huweza kuanza ndani ya saa chache. Asitapishwe, apelekwe mara moja, na kopo lipelekwe pamoja naye. Mtu anayetaka ganzi kabla ya sindano ana njia iliyothibitishwa: krimu ya lignokaini na prilokaini, dakika 60 chini ya plasta, inayofika kina cha milimita 3 hivi, nayo ina mipaka yake ya kiasi kwa watoto wachanga kwa sababu prilokaini huweza kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni.

Mahali familia hii ya dawa ilipokaribia kufaulu ni pale ambapo lile tabaka la nje halipo. Doksepini, ndugu wa karibu wa amitriptilini, huuzwa Marekani kama krimu ya asilimia 5 ya kutuliza muwasho, kwa siku zisizozidi 8, na zaidi ya mtu mmoja kati ya watano huhisi usingizi, hasa akipaka zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwili. Kwenye utando laini wa mdomo, usio na tabaka hilo, hupenya vizuri zaidi. Jaribio lililochapishwa 2019 liliwapa wagonjwa 275 wenye vidonda vya mdomoni vilivyoletwa na mionzi ama miligramu 25 za doksepini katika mililita 5 za maji, ama mchanganyiko wenye lignokaini, ama plasibo, wasukutue dakika moja na kutema. Doksepini ilipunguza maumivu katika saa nne za mwanzo kuliko plasibo, lakini kwa kiasi ambacho watafiti wenyewe walisema hakijafikia kile mgonjwa angekiona cha maana, na waliopewa walilalamikia usingizi, mwasho mdomoni na ladha mbaya.